Nafasi Imekwenda Wapi

Tarehe 9 Februari

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mama yako. Sisi huku wazima, wasiwasi wetu ni juu yako wewe uliye huko chini ya mlima. Kile kikohozi kimekuacha? Nilikuambia usilale na fulana iliyolowa jasho, lakini wewe tangu mdogo sikio moja la kuingizia, jingine la kutolea. Na lile blanketi ulitumie, usilitunze kwenye begi kama pambo.

Mwanao hajambo. Siku hizi tunamwita Chiriku maana hanyamazi, kuanzia anapofumbua macho mpaka usingizi umwangushe. Amejua kusema "bibi", ila kila kitu kwake ni bibi, hata ndoo ni bibi. Mkeo naye hajambo, anakusalimia. Ninavyoandika yuko mbele ya kompyuta anachapa kazi ya mwalimu mmoja msumbufu, kila ukurasa anataka urudiwe. Barua nitampa dereva wa lori la saruji kama kawaida, maana simu za huko kwenu naona ni za kushika mkononi tu, hewani hazishiki.

Sasa mwanangu, kilichonifanya nishike kalamu ni hiyo kompyuta ya duka. Inatuletea maandishi mekundu kwamba nafasi imekwisha. Asubuhi inaamka polepole kama mgonjwa. Juzi amekuja mama mmoja na mtoto wake kwa picha ya pasipoti. Mtoto ameshavalishwa shati la kuazima, amekalishwa wima kwenye stuli, mkeo kapiga picha, mashine ikakataa kuipokea. Kukataa kabisa! Wakashuka wakaenda duka la ng'ambo ya barabara, na yule mwenye duka akatuchungulia na meno nje.

Mkeo anasema ulipoiunda uliweka diski kubwa, ya kukaa miaka bila kujaa. Sasa nafasi imekwenda wapi? Mimi na darasa langu la nne sijui nafasi ya kompyuta inakaaje, naijua ya kabati. Kabati likijaa unaona nguo zinatokeza mlangoni. Hii huoni kitu.

Usifikiri naichezea. Nagusa yale tu aliyonifundisha mkeo, kuiwasha, kuchapa, kukopi na kubandika. Ijumaa yeye hutoka mapema akamchukue mtoto, mimi nabaki kufunga duka, basi naweka vitu vizuri kidogo ndiyo natoka. Unamjua mama yako. Tangu siku ile umeme ulipokatika, kazi yote ya yule binti wa chuo ikapotea, akakaa sakafuni pale dukani analia kama amefiwa, mimi na ile mashine hatuaminiani.

Tuambie la kufanya. Na kikohozi usikichekee.

Mama yako


Tarehe 2 Machi

Mama, shikamoo.

Mimi mzima. Kikohozi kimepungua, blanketi nalala nalo, tena wenzangu wananionea wivu. Kazi inakwenda. Wachimbaji wakishasonga mbele sisi mafundi umeme tunawafuata nyuma na nyaya za taa. Kutwa nzima sijui kama nje kuna jua au mvua. Likizo wamesogeza, wanasema mpaka handaki litoboke upande wa pili.

Mbusu Chiriku. Nilimwacha hata kukaa bila mto hawezi, leo inanipa taabu kufikiri kwamba anaongea.

Kuhusu kompyuta wala usisumbuke kichwa. Mimi najua kilichokula nafasi. Ni mavideo. Kabla sijaondoka nilimkuta mama Chiriku anashusha tamthilia, zile za watu wanaolia tangu sehemu ya kwanza mpaka ya mwisho na poda haiwatoki usoni. Nilimwambia zina uzito, akacheka. Hapa kambini kila mtu ana hadithi kama hiyo ya mkewe, na mimi nilikuwa najidai wangu hana mambo hayo.

Afanye hivi. Kuna folda yenye jina lake. Afute vyote vilivyomo, yaani vyote. Halafu afungue lile pipa la taka la kwenye kompyuta alimwage. Ukifuta bila kumwaga pipa, vitu vinakuwa vimehamia chumba kingine lakini nyumba ni ileile, nafasi hupati.

Ile mashine niliiunganisha kwa mikono yangu ili mpate pa kufanyia kazi, siyo ukumbi wa sinema. Mwambie hivyohivyo, usimpunguzie.

Mwanao


Tarehe 20 Machi

Mwanangu,

Tunaendelea vizuri. Bomba la maji la uani lilipasuka, fundi amelifunga kwa mpira, linavuja ila kwa adabu. Mguu wangu umetulia. Chiriku ana jino jipya na amemng'ata nalo jirani.

Barua yako imefika. Sasa mwanangu, wewe unajua mwandiko wako, ni kama kuku aliyekanyaga wino. Mimi siuwezi. Anayeuweza ni mkeo peke yake, ndiye amekuwa akinisomea siku zote. Basi na hii alinisomea yeye. Tumekaa pale dukani, yeye kwenye kiti cha kompyuta, mimi kwenye stuli ya picha, akafungua bahasha akaanza kusoma kwa sauti. Salamu, kikohozi, handaki. Alipofika kwenye mambo ya video hakuruka hata neno. Alisoma kila kitu, na ile ya poda alisoma, na "usimpunguzie" alisoma. Akaikunja, akanirudishia.

Nikasema, "Mume wako ana maneno makali akichoka."

Akasema, "Hajachoka, mama. Ameandika vizuri kabisa, leo hata mistari imenyooka."

Akageuka akafungua folda yake, akafuta, akamwaga pipa. Nilikuwa namwona mgongo tu. Nikamwambia, "Lakini mwambie basi ni video gani hizo, maana si tamthilia." Akasema, "Usimwandikie kitu, mama. Hakuuliza." Kwa hiyo sikwambii, mwenyewe amenikataza. Ninachokwambia ni kwamba siyo unachofikiri.

Mashine ilichangamka. Maandishi mekundu yakaondoka, mtu akija anahudumiwa. Tukashukuru.

Lakini ile Jumatatu iliyofuata, kufungua duka, mekundu hayo. Yamerudi. Mkeo aliyatazama muda mrefu, akanitazama na mimi, halafu akaenda kufagia mbele ya duka, na nilikuwa nimeshafagia.

Labda ina ugonjwa mwingine. Tafadhali usiandike kwa hasira.

Mama yako


Tarehe 15 Aprili

Mama, shikamoo.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Diski ile nafasi haiwezi kuisha kwa siku chache kama hakuna anayeijaza. Kompyuta haijijazi yenyewe, mama. Kuna mkono. Na mikono ni miwili tu hapo dukani, yako na yake, na wewe hata mausi unaishika kama yai.

Kwa hiyo ameacha zile, akashusha nyingine. Hilo ndilo linaloniuma. Siyo video, ni kunifanya mimi mjinga niliye mbali. Mtu akinidanganya kwenye kompyuta niliyoitengeneza mwenyewe, atanidanganya na mahali ambapo sina macho. Nilimsimulia fundi bomba tunayelala naye chumba kimoja, akacheka mpaka akakaa. Akasema, "Wewe fundi, mkeo anakuzima kama swichi." Chumba kizima wakapokea.

Fanya hivi. Chukua funguo za duka, zikae kwako. Mashine aiguse ukiwepo tu. Na mtafute fundi wa kompyuta wa pale sokoni aje aifungue, aangalie ndani kuna nini, jina la kila kitu, kisha uniandikie. Nataka aibu hii iishe.

Msomee na hii. Au asome mwenyewe, ndiyo mazoea yenu.

Mwanao


Tarehe 3 Mei

Mwanangu,

Salamu. Hatujambo. Mvua zimepungua.

Mkeo amekwenda kwao kusalimia, amemchukua na Chiriku. Funguo aliniachia juu ya printa alipomaliza kunisomea barua yako, kabla hata sijaziomba. Duka nimelifunga kidogo, mguu unanisumbua.

Fundi wa kompyuta nitamwita.

Kula vizuri. Usisikilize maneno ya kambini.

Mama yako


Tarehe 30 Mei

Mama, shikamoo.

Mbona barua yako fupi hivi? Hukuniuliza hata kikohozi. Wewe, mama! Nikajua kuna kitu.

Kusalimia gani kwa mtu kubeba na mtoto, duka likafungwa? Amekasirika? Akasirike, lakini awe nyumbani. Na mguu huo ni mguu gani, si ulisema umetulia?

Dereva ananiambia alipita akaona vumbi mlangoni. Nambie ukweli, hata kama ni mbaya. Nimejaribu kupanda juu ya kilima kutafuta mtandao nimpigie. Simu yake inaita, haipokelewi.

Mwanao


Tarehe 18 Juni

Mwanangu, mwanangu,

Nakusalimu. Kikohozi je? Barua yako dereva ndiye aliyenisomea, kwa kukisia. Barua hii nimeianza na kuichana, nikaianza tena. Karatasi za duka nimezimaliza kwa kuandika "mwanangu" peke yake. Leo naandika mpaka mwisho.

Mguu hauumi. Nilikudanganya.

Fundi wa kompyuta alikuja. Siyo kwamba nilimwita upesi, nilimkwepa, nikimwona sokoni napita upande wa wauza viatu. Mwishowe alikuja mwenyewe, kwamba kasikia duka la fundi wa handaki lina mgonjwa. Akakaa, akafungua, akatafuta, mimi nimesimama nyuma yake nimeshika mlango. Hakukawia. Akaanza kucheka.

"Bibi," akasema, "humu mmefuga sungura?"

Nikamuuliza sungura gani. Akanionyesha. Folda imeandikwa SANDUKU, kwa herufi kubwa zote, na ndani ya hilo sanduku kuna masanduku, na ndani ya kila moja mengine. Kazi zilezile za wateja, picha zilezile, zimezaana. "Vitu hivihivi," akasema, "vimejirudia mpaka mashine imeshindwa kupumua. Nani mwenye sanduku?"

Nikamwambia sijui. Mwanangu, nilisema sijui, na uzee huu, na mtu mgeni.

Sanduku ni langu.

Baada ya yule binti wa chuo kulia pale sakafuni, niliapa moyoni haitapotea tena kazi ya mtu mikononi mwetu. Mkeo aliponifundisha kukopi na kubandika nikaona dawa imepatikana. Kila Ijumaa akishatoka, nakopi kazi zote za wateja naziweka sandukuni. Halafu narudi nyumbani nashika roho, je, sanduku lenyewe likipotea? Basi Ijumaa nyingine nalikopi na sanduku na vyote vilivyomo, kisha na hilo la pili nalo nalikopi na la kwanza pamoja. Nilifikiri kopi haina uzito. Karatasi ina uzito, ile niliona ni kama kivuli cha kitu, vivuli hata mia vitajaza nyumba gani?

Ulipoandika ni video, nilifurahi. Naandika hivi uso unawaka. Nilifurahi kwamba ni kitu kingine, siyo mimi. Mkeo anasoma barua, mimi nimekodolea macho printa. Kisha nafasi iliporudi kuisha, tena baada ya Ijumaa yangu, hapo nilijua. Sikujua kwa kompyuta, nilijua kwa tumbo. Na bado sikusema. Ukaandika mikono ni miwili, ukautoa wangu kwenye hesabu kwa kuniamini, nikaona nikisema sasa nitaonekanaje kwa mwanangu? Bibi mjinga, ameua mashine ya mwanawe. Nikaacha uendelee kuniamini mimi, na yeye abebeshwe uongo usio wake.

Nilikwenda kwao. Mama yake alinipokea vizuri, na hilo liliniua zaidi. Mkeo alikuwa uani anaanika nguo. Chiriku aliponiona akapiga kelele "Bibi! Bibi!" na safari hii alikuwa na maana ya mimi.

Nikasema, "Mwanangu, nina neno."

Akasema, "Sema, mama," huku anabana nguo.

"Lile sanduku..."

"Najua lile sanduku."

Akageuka. "Mama, nani mwingine angeita folda sanduku? Niliiona tangu ile Jumatatu mekundu yaliporudi. Nikafungua nikaona."

"Mbona hukufuta? Mbona hukusema?"

"Ningefuta, ungejua nimejua, na ungeona haya mbele yangu kila siku. Na kusema, ningesemaje? Nimwandikie mume wangu kwamba siyo mimi, ni mama yako? Mtu ameshanihukumu, halafu mimi nimshitaki mama kwa mwanawe?" Akachukua shuka akalikung'uta, akalianika. "Siku ile nakusomea barua ya funguo, kila nikimaliza mstari nilikuwa nainua macho. Nilikuwa nakungoja wewe tu, mama, useme."

Nililia, akaniachia stuli nikae. Hakuniambia nyamaza.

Nikamwomba turudi nyumbani. Akasema, "Siwezi kurudi kwenye nyumba ambayo mimi ndiye mwizi wa nafasi. Na funguo nanyang'anywa kama mtumishi. Siyo wewe uliyeandika hayo, lakini ulikuwa umekaa hapo." Hakunifokea. Alinisindikiza mpaka kituoni, akanibebea mkoba.

Sasa lile alilonikataza, nalisema bila ruhusa yake, atanikasirikia. Zile video ulizomwamuru afute. Ni Chiriku. Simu yake ni ndogo, ikijaa alikuwa anahamishia kwenye kompyuta na kufuta kwenye simu. Alikuwa anampiga video tangu ulipoondoka. Kukaa, kutambaa, siku aliyosimama, siku aliyotembea. Alikuwa anakukusanyia, ukija likizo akuweke kwenye kiti akuonyeshe yote mfululizo, usione kama umekosa kitu. Ukaandika vyote, akafuta vyote.

Nilimrudia yule fundi, nikamwambia sanduku ni langu na kuna vitu vya mtoto vimefutwa, avirudishe. Hakucheka tena. Akaniambia kitu kikifutwa hakiondoki papo hapo, kinabaki kimelala mahali pake mpaka kije kingine kikilalie. Nikapata tumaini. Akatafuta, akachimba, chai yake ikapoa. Mwisho akaondoa mkono kwenye mausi.

"Zimelaliwa, bibi," akasema. "Masanduku yako yamekaa juu yake."

Nikamwambia labda basi zimo ndani ya sanduku, mimi si nilikopi kila kitu? Tukafungua yote. Mwanangu, nimekopi picha za pasipoti za watu ambao hata salamu hatusalimiani, na barua za maombi ya kazi, na mialiko ya harusi zilizokwisha kupita. Folda ya mkeo sikuikopi, kwa sababu niliona ya nyumbani haipotei.

Akauliza, "Nilifute sanduku?" Nikasema futa. Akafuta, akamwaga pipa. Nafasi imerudi yote. Alinionyesha mstari mweupe mrefu, akasema hiyo ndiyo nafasi, sasa mna nafasi ya kutosha. Nikashindwa kuutazama.

Hayo ndiyo. Sikuombi uniambie si kitu.

Mama yako


Tarehe 6 Julai

Mama, shikamoo.

Nimeandika herufi kubwa, na nimeziachanisha, ili usome mwenyewe. Usimpe mtu akusomee.

Barua yako niliisomea ndani ya handaki, chini ya taa niliyoifunga mimi mwenyewe, kwa sababu chumbani kulikuwa na watu.

Wewe ulinyamaza. Mimi nilisema. Niliandika vyote, nikarudia vyote, ili nisieleweke vibaya. Sikuuliza ni video gani. Nilikuwa nimeshafurahi kuwa na jibu, na jibu hilo nikalipeleka chumbani wakalicheka nami nikacheka nao. Sasa fundi bomba ananiuliza, "Vipi ile swichi?" Nimemwambia swichi mbovu ni mimi. Hakuelewa, sikumwelewesha. Siku hizi nalala nimeelekea ukuta.

Sijui namna ya kukukasirikia, mama. Nimejaribu kidogo, nikawa nakuona umesimama nyuma ya fundi umeshika mlango. Niliacha.

Ndani kuna bahasha ya mama Chiriku, imegundishwa. Nilipojua anayesoma barua zangu ni yeye, bado niliandika vile, kwa hiyo safari hii nimemwandikia yeye moja kwa moja. Mpelekee. Akitaka kuichana, aichane.

Kitu kimoja naomba, kama mtaweza kunipa. Alitembeaje?

Mwanao


Tarehe 27 Julai

Mwanangu,

Salamu kutoka kwetu sote. Nasema sote.

Barua yako niliisoma peke yangu, kidole juu ya neno, mpaka mwisho. Niliweza. Kesho yake nikapanda gari nikampelekea mkeo bahasha yake. Aliipokea, akauangalia mwandiko, akaitia kifuani ndani ya blauzi, akaendelea kumlisha mtoto. Mpaka leo sijui kama ameichana au ameisoma, na siulizi.

Jumamosi iliyopita nilikuwa dukani nafuta vumbi, nimekwishafungua mlango tena, namshukuru Mungu. Nikasikia "Bibi! Bibi! Bibi!" tangu mtaa wa nyuma. Huyo Chiriku, na mama yake na begi. Nilikuwa na funguo kwenye pindo la khanga, nikazifungua nikamkabidhi mbele ya wateja wawili na yule wa ng'ambo akiwa anachungulia. Nikasema kwa sauti, "Hizi ni zako, zilikuwa zimepotea njia." Akazipokea. Akasema, "Mama, printa umeiwekea karatasi kichwa chini." Basi, hodi yake ndiyo hiyo.

Hajanisamehe yote, naona. Akiniuliza kitu cha kompyuta anauliza kwa heshima mno, kama mtu wa ofisini. Ijumaa hatoki tena mapema, anamtuma mtoto wa jirani amlete Chiriku dukani, tunafunga pamoja. Ameniundia folda moja, ameiandika SANDUKU mwenyewe, akasema humu weka kopi moja tu, ikija mpya, ya zamani itoke. Niliona aibu, halafu nikaona amecheka kidogo pembeni ya mdomo.

Sasa ulilouliza. Nilimwambia, "Mumeo anauliza alitembeaje." Akaendelea kupanga karatasi. Nikasema basi mimi nitaandika ninavyokumbuka. Nikaanza kusema huku naandika, kwamba ilikuwa jioni, mtoto alikuwa ameshika mguu wa meza ya kukatia karatasi.

"Stuli ya picha," akasema bila kugeuka.

Nikakata, nikaandika stuli. Alikuwa ameshika stuli ya picha, na amevaa lile gauni la njano.

"Alikuwa hana nguo, mama. Ulikuwa umetoka kumwogesha."

Kweli. Alikuwa hana nguo, amepakwa mafuta anang'aa kama sahani. Mkeo ameinua simu kwa sababu alikuwa anataka kupiga video ya tumbo la mtoto tu, lilivyojaa. Mtoto akaiona simu, akaitaka. Akaachia stuli. Mimi nikataka kumrukia kumshika, mkeo akanipigia kelele, "Mwache!" na sauti yake hiyo ilikuwemo kwenye video, na sauti yangu nikisema uwii. Akapiga hatua ya kwanza kama mlevi, ya pili upande upande. Mkeo anasema zilikuwa nne, mimi nasema tatu na kuanguka. Tumebishana mpaka mteja aliyekuja kudurufu kitambulisho akasema yeye ataondoka. Alipoanguka hakulia. Alikaa chini na makalio yake matupu kwenye saruji, akatutazama mmoja mmoja kama anauliza nani amemsukuma. Halafu akafungua mkono akamwonyesha mama yake kiganja, kwamba ni hapa, nipe hiyo simu.

"Na alisema neno," mkeo akasema. Sasa alikuwa amegeuka na kiti.

Mimi silikumbuki neno. Nilikuwa napiga vigelegele.

"Alisema 'baba'. Nyuma ya ile simu nilikuwa nimebandika picha ya baba yake, alikuwa anamfuata huyo."

Nimeandika kama alivyosema, sikuongeza.

Nikamuuliza, "Na wewe mwenyewe nimwambie nini?" Akarudi kwenye mashine akaanza kuchapa, vidole vinakwenda kama mvua. Nikafikiri hajibu. Akachapa ukurasa mzima, akautoa, akausoma, akaugonga mezani ukae sawa.

"Mwambie maneno yangu hayaingii kwenye bahasha. Handaki likitoboka aje, ale kwanza, apumzike, halafu ayasikilize akiwa amekaa. Ni mengi."

Mama yako